Mko Wangapi?

Dalali aliwakabidhi funguo tatu.

Fundi alizipokea, akazigeuza kiganjani, akasema, "Mzee, sisi tupo wawili."

Dalali, mtu mnene mwenye haraka isiyoisha, alifungua faili lake akamwonyesha kwa kidole. Fomu ilisema, kwa mwandiko wake mwenyewe: wakazi watatu. "Mimi nimeandika nilichoambiwa. Nilimuuliza mama hapa, mko wangapi, akanijibu watatu. Sasa kama mmoja mmemdondosha njiani, hayo ni yenu."

Alicheka peke yake. Mke wa fundi alikuwa dirishani, amewapa mgongo. "Nilikosea," alisema bila kugeuka. "Huo wa tatu utundike tu msumarini."

Kwa mwanamke yule, kukosea hesabu halikuwa jambo dogo. Alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji. Kabla daktari hajashona tumbo la mtu, watu wawili husimama na kuhesabu kwa sauti kila kipande cha shashi, kila mkasi, kila sindano. Kilichoingia ndicho kitoke. Wakitofautiana, hata kwa kimoja tu, mgonjwa hafungwi mpaka kipatikane. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili bila kukosea hata mara moja, na leo ameulizwa swali la mtoto wa chekechea akajibu ovyo.

Ila mtu akizoea jibu moja kwa miaka tisa, mdomo humtangulia. Kwa miaka tisa walikuwa watatu kweli: Fundi, Sista, na mama mzazi wa Sista. Mama ndiye aliyewabatiza majina hayo, wakaachana kabisa na ya vyeti. Mkwewe, kwa kuwa alitengeneza lifti, alimwita kwa kirefu "fundi wa kupanda na kushuka", halafu alimwongezea chai ili asinune. Mama alikuwa anaburuta mguu wa kushoto tangu alipoanguka bafuni, na nyumba nzima ilinuka dawa yake ya kuchua, ile yenye kafuri.

Alifariki miezi minne kabla ya wao kuhama, wodi ya chini, binti yake akiwa zamu ghorofa ya juu. Walipomwita, Sista alishuka, akamfumba mama yake macho, akapanda tena kumalizia zamu. Hesabu ya mchana ule ilitoka sawa. Hakulia. Hakulia msibani wala nyumbani, na watu wakamsifu kwa moyo wa subira. Haikuwa subira. Ndani hakukuwa na kitu, alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Ndipo kazi mbili zikaja ndani ya mwezi mmoja, zote katika mji wa mbali. Hospitali kubwa ilimtaka yeye, na kampuni ya lifti ilimtaka mumewe kwenye maghorofa mapya upande wa pili wa mji huo. Wakasema potelea mbali, twende. Kazi ikawa kuchagua pa kukaa.

Waliangalia mtaa wa karibu na hospitali. Dirisha la chumba cha kulala lilitazama geti la mochwari, na Fundi angepanda mabasi mawili kila asubuhi. Wakaangalia mtaa wa karibu na maghorofa. Pale Sista, akitoka zamu ya usiku, angelala chini ya mashine za kutoboa zege. "Chagua wewe," alisema Fundi. "Hapana, chagua wewe," alisema Sista. Waliachiana hivyo wiki nzima, kwa adabu kama wageni wawili mbele ya kiti kimoja. Mama angekuwepo angewakatia shauri kwa sentensi moja, tena yenye tusi dogo ndani yake.

Mwisho Fundi alichukua rula, akachora mstari kwenye ramani kutoka hospitali hadi maghorofani, akatia nukta katikati. "Hapa. Wewe dakika arobaini, mimi dakika arobaini. Hakuna wa kulalamika."

"Sawa," alisema Sista. Angesema sawa hata kama nukta ingeangukia katikati ya ziwa.

Ukawa mtaa ambao hakuna aliyeuchagua kwa kuupenda. Kila kaya ilifika pale kwa rula yake. Alfajiri watu walitoka wakigawanyika pande mbili, jioni walirudi, wakafunga milango. Jirani alikuwa sauti ya maji kwenye bomba. "Hapa hakuna atakayekuuliza habari zako," dalali aliwaambia, na alidhani anausifia.

Ufunguo wa tatu ulikaa msumarini, kando ya mlango wa jikoni, siku nne. Siku ya tano haukuwepo. Fundi alidhani mkewe ameuchukua, mkewe alidhani Fundi. Ilikuwa rahisi kudhaniana katika nyumba ile, kwa sababu mmoja alifanya kazi mchana na mwingine usiku, wakawa wanaonana saa moja asubuhi na saa moja jioni, mmoja akivaa viatu na mwingine akivua.

Jumapili ya pili, wakiwa mezani na chai, Fundi aliuliza, "Kikohozi chako kimepona?"

"Kikohozi gani?"

"Si Alhamisi, nilipopita mchana kuchukua bisibisi. Ulikuwa chumbani unakohoa. Sikutaka kukuamsha."

"Alhamisi mchana nilikuwa semina, hospitali."

Wakatazamana. "Basi ni jirani," alisema Fundi. "Kuta za siku hizi ni makaratasi."

"Ni jirani," alisema Sista. "Na wewe punguza hiyo dawa unayojichua. Nyumba inanuka kafuri."

Fundi hakuwa amejichua dawa yoyote. Alifungua mdomo aseme, akamwona mkewe alivyo na uso mtupu, akaufunga. Sista aliinuka kuosha vyombo. Walikuwa wamekunywa chai wawili, na kwenye sinki kulikuwa na vikombe vitatu. Aliviosha vyote, akavipanga.

Lifti ya jengo lile ilikuwa ya zamani, nyembamba, na kibao chake kilisema: mwisho watu watatu. Jioni moja Fundi alimsindikiza mkewe kwenda zamu. Ghorofa ya pili akaingia kijana mwembamba aliyebeba gazeti tu. Kengele ya uzito ikalia. Kijana akatoka, ikanyamaza. Akaingia, ikalia.

"Labda ni gazeti," alisema kijana, akacheka, akashuka kwa ngazi.

Siku iliyofuata Fundi alikuja na vifaa vyake akaukagua mzani wa lifti ile, ingawa haikuwa kazi yake na hakuna aliyemtuma. Aliupima mara tatu. Ulikuwa mzima kabisa. Akafunga vifaa, akakaa kwenye ngazi kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu wahame akaogopa kupanda nyumbani kwake.

Sista hakuogopa, na hilo ndilo baya. Saa nane mchana, ametoka kulala, jua limejaa sebuleni, alisikia kandambili zikitembea kwenye korido. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama?" Kikohozi kikamjibu. Akahisi kitu kifuani, uvuguvugu mdogo tu, lakini kilikuwa kitu cha kwanza kuhisi kwa zaidi ya miezi minne. Akavuta kiti, akaanza kuzungumza.

Alizungumza kila mchana. Aliieleza korido habari za zamani za mama: alivyokuwa akimtania Fundi, nyimbo alizovuruga maneno, jina alilomwita yeye akiwa mdogo. Alichokisema leo, kesho kilimrudia kutoka koridoni, kwa sauti ya mama. "Fundi wa kupanda na kushuka bado hajarudi?" Sista alitabasamu. Hakumwambia mumewe. Siku moja alisimama akaigiza kabisa. "Unakumbuka ulivyotembea baada ya kuanguka? Hivi." Akatembea sebuleni kuelekea koridoni, akiburuta mguu wa kushoto, akicheka kicheko kisicho na furaha.

Kesho yake zile kandambili nazo zikaburuta. Keshokutwa alipiga deki, na sakafu ikiwa bado mbichi, nyayo zikajichora kutoka chumbani hadi jikoni, moja moja, mbele ya macho yake. Mguu wa kushoto ulikanyaga safi. Wa kulia ndio ulioacha mchirizi.

Sista aliutazama mchirizi ule hadi maji yakakaribia kukauka. Mtu aliyeishi kwa kuhesabu hawezi kusema hakuona. Kisha akachukua tambara la deki, akaufuta, akasema, "Pole na mguu, mama."

Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, Fundi alitoka kwenda kazini.

Mafundi wa lifti wana sheria moja ambayo hufundishwa kabla hawajashika spana: macho kwanza, mguu baadaye. Mlango ukifunguka, tazama sakafu, ndipo uinue mguu. Fundi alikuwa ameishika sheria hiyo miaka kumi na tano. Asubuhi ile alibonyeza kitufe, akasimama na begi lake begani, na mlango ukafunguka taratibu, na harufu ya kafuri ikatoka ndani, ile ile ya miaka tisa, na sauti ya mama mkwe wake, ya karibu kabisa, ya mtu aliyekwisha kuingia na sasa anamsubiri mzembe mmoja, ikamwambia, "Ingia basi, baba, tunachelewa," na kwa kuwa kwa miaka tisa alikuwa amezoea kuitika sauti ile kabla hajaifikiria, na kwa kuwa, ukweli usemwe, alikuwa amemkumbuka mama yule kuliko alivyowahi kumwambia mkewe, mguu wake uliinuka wenyewe, ukavuka kizingiti, na ukiwa hewani ndipo macho yalipokumbuka kazi yake, yakatazama chini, yakakuta giza, nyaya mbili zinazotikisika, na upepo wa baridi unaopanda kutoka shimoni. Alijitupa nyuma. Begi lilichomoka begani likaenda, na alihesabu hadi tatu kabla ya kulisikia likifika chini.

Alirudi ndani kwa magoti. Sista alikuwa amekaa kitandani na sare yake.

"Ameniita," Fundi alisema, sauti imekauka. "Kwa sauti ya mama. Lifti haikuwepo, mke wangu. Kulikuwa na shimo."

Sista alimtazama mumewe, suruali imechanika magoti. "Najua yupo," alisema.

"Tangu lini?"

"Yupo tangu siku ya funguo."

Mfagiaji wa chumba cha upasuaji alikuwa na shangazi mganga, naye akaja Jumatatu mchana, kwa basi. Alikuwa bibi mdogo mwenye miwani na mkoba wa mkononi, ungemdhania mwalimu mstaafu. Alikataa kuvuka kizingiti. Aliomba kiti, akakaa nje mlangoni, akauliza kabla hata ya kupewa maji, "Mko wangapi?"

Fundi akamtazama mkewe. Sista akamweleza bibi habari ya fomu, funguo, kikohozi, mazungumzo ya mchana, na siku aliyoigiza mguu wa mama. Alieleza kama anayesoma taarifa ya zamu.

"Majini nao huhama, wajukuu zangu," alisema bibi, kwa sauti ya chini. "Nao hutafuta mtaa. Wanapenda penye watu wasiojuana, maana hakuna wa kusema huyu si wa hapa. Wewe ulitaja nafasi, na yeye alikuwa anatafuta nafasi. Amekuja mtupu. Kila alichonacho umempa wewe." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo. "Mama yako alikuwa anaburuta mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Na huyu?"

Fundi akageuka kumtazama mkewe.

"Wa kulia," Sista alisema.

"Alikuiga ukiwa umemwelekea, kama kwenye kioo. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Bibi," Fundi alinong'ona, "mbona anataka kuniua mimi?"

"Kwa sababu wewe hutaki kumhesabu. Nyumba hii ina wahesabuji wawili, na hesabu zao hazilingani. Anataka abaki mmoja." Bibi akasimama. "Sina dawa ya kumwaga wala ya kufukiza. Mtasimama hapa nje, mlango wazi, niwaulize, na kila mmoja ajibu kwa sauti. Majibu yakilingana, atatoka. Yakitofautiana, mimi napanda basi, na wewe, baba, usilale humu tena."

"Ni kama kazini," alisema Sista polepole. "Tukitofautiana, hatufungi."

"Basi hakuna la kukufundisha."

Walisimama. Korido ya ndani ilikuwa na mwanga wa mchana, sakafu safi, hakuna kitu.

"Mko wangapi?"

"Wawili," alisema Fundi.

Ndani, kandambili zikaanza kutembea. Zilitoka chumbani, zikaja, zinaburuta, na katikati ya korido zikasimama, kama mtu aliyekumbuka jambo, na zilipoanza tena mburuto ulikuwa umehama, sasa ulikuwa wa kushoto, sawasawa kabisa, kwa kuwa alikuwa amesikia yote yaliyosemwa pale mlangoni. Harufu ya kafuri ikawafikia. Bibi alirudi nyuma hatua moja.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mama, kutoka mahali patupu, hatua mbili mbele yao. "Nihesabu."

Sista alijua si mama yake, alijua tangu ule mchirizi wa deki, alijua kama anavyojua vidole vyake, na pamoja na kujua huko aliinama mbele kuisikia vizuri, maana sauti ilikuwa ile, na baada ya sauti ile hakutakuwa na nyingine, si kesho wala mwaka ujao, na pembeni yake alisimama mwanamume aliyechora mstari kwa rula ili yeye asichoke njiani, mwenye magoti yaliyochubuka, ambaye hakumsukuma wala kumsihi, alisubiri tu jibu lake kama msaidizi wa upasuaji anavyosubiri, na ndani ya kifua cha Sista mkono uliolaliwa ukaanza kuamka, kwa maumivu, kama ganzi inavyoisha.

"Wawili," alisema.

Kitu kidogo cha chuma kilianguka sebuleni. Ulikuwa ufunguo wa tatu. Harufu ikakatika, na Sista akakaa chini pale pale mlangoni akamlilia mama yake, kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Alilia siku tatu. Ilimuuma kweli kweli, na Fundi alimshika muda wote, akilia naye.

Mwezi ukapita. Nyumba ilikuwa nyumba, vikombe vilikuwa viwili. Ufunguo wa tatu walimrudishia dalali. Walibaki mtaani pale kwa sababu kuanza tena kutafuta kulihitaji nguvu, na nguvu zao zilikuwa ndiyo kwanza zinarudi.

Jumamosi moja alasiri Sista alisikia sauti ya dalali nje. Nyumba ya mkabala ilikuwa imepata watu. Alisikia faili likifunguliwa, kalamu ikibofywa.

"Haya, niandike. Mko wangapi?"

Mwanamke akacheka, kicheko kizuri cha mtu mwenye raha. "Watatu!"

Sista aliweka kikombe mezani. Kwenye korido ya nje, mbele ya mlango wake, kandambili zilipita. Aliufungua mlango kwa nguvu. Kulikuwa na dalali, mwanamume kijana aliyebeba masanduku, na mke wake, mwenye ujauzito wa miezi saba au zaidi, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Sema wawili," Sista alisema. "Dada yangu, nakuomba. Mwambie asiandike hivyo. Sema mko wawili."

Tabasamu la yule mwanamke lilizimika. Akaweka na mkono wa pili tumboni. "Kwa nini niseme wawili?"

"Siwezi kukueleza sasa hivi. Sema tu."

"Wewe ni nesi, si ndiyo? Nakuona na sare." Sauti yake ilitetemeka kwa hasira. "Nesi mzima unaniambia nimtoe mwanangu kwenye hesabu? Unanitakia nini?"

Sista mwenyewe, kumtoa marehemu kulimgharimu siku tatu za kilio. Huyu alikuwa anaombwa amtoe aliye hai.

"Mama, acha kuwatisha wageni," alisema dalali. Aliandika, akafunga faili, akaanza kuhesabu funguo kiganjani mwa yule mwanamke, mmoja, wa pili, wa tatu.

Nyuma ya mlango wa mkabala, ambao hakuna aliyekuwa ameufungua bado, mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kizito, cha mama mtu mzima. Kikanyamaza. Kikarudi kidogo zaidi, kikanyamaza tena, kikajaribu mara ya tatu, hadi kikatoshea kifua cha mtoto mchanga.